Sura ya Sita: Kati ya Kisiwandui na Mtendeni

Kwa zaidi ya robo karne siasa za Zanzibar ziliendeshwa kutoka ofisi mbili ambazo mtu huweza kwenda kwa miguu kutoka moja hadi nyingine bila ya kutoka jasho. Kisiwandui, ukingoni mwa Ng'ambo, ndiko yaliko makao ya Chama cha Mapinduzi upande wa Zanzibar. Hapo ndipo alipouawa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, jengo lilipokuwa bado la chama cha Afro-Shirazi (ASP), na hapo ndipo alipozikwa. Mtendeni, ndani ya Mji Mkongwe, palikuwa pa Chama cha Wananchi, CUF, hadi Machi 2019, Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake walipohamia ACT-Wazalendo kwa mwito wa "shusha tanga, pandisha tanga".

Ofisi zilikuwa jirani, lakini habari ya nchi iliyosimuliwa katika moja haikufanana na iliyosimuliwa katika nyingine. Tukio lile lile la asubuhi likifika adhuhuri huwa limeshakuwa matukio mawili. Na mtu akisimama barazani akasema hapa pamekosewa, swali la kwanza halihusu alilolisema. Huulizwa yeye ni wa wapi, baba yake alikuwa chama gani, na kwao ni Unguja au Pemba. Akiikosoa serikali huitwa Hizbu, jina la chama cha ZNP cha kabla ya Mapinduzi, ingawa Hizbu ilikufa kabla yeye hajazaliwa. Akiwakosoa wapinzani huitwa kibaraka wa Bara. Akiwakosoa wote wawili huambiwa ni ndumilakuwili, au kwamba anatafuta ukuu wa wilaya.

Sura hii inamhusu mtu huyo wa tatu. Inauliza anatakiwa afanye nini ili ukosoaji wake uwe wa haki, na kwa nini kazi yake ina thamani zaidi Zanzibar kuliko mahali pengi pengine. Jibu langu ni kwamba haki katika ukosoaji haina maana ya kugawa lawama nusu kwa nusu. Maana yake ni kuwauliza wote swali lile lile, kisha kulipima kila kosa kwa madaraka ya aliyelitenda, kisha kulisema kosa la upande wako mbele ya watu wa upande wako.

Nusu ya hadithi

Tabia ya kusimulia nusu haikuanza na vyama vingi vya mwaka 1992. Ilianza katika miaka ambayo wazee wa Unguja wanaiita zama za siasa, tangu uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Mji mdogo kama huu ulijaa magazeti. Mwongozi lilisema ya ZNP, Afrika Kwetu liliwasemea Waafrika waliokuja kuwa ASP, na Abdulrahman Babu alikuwa na Zanews yake. Msomaji aliyenunua moja tu aliujua uovu wa jirani yake kwa tarehe na kwa majina, na hakuwahi kusoma lolote juu ya uovu wa nyumbani kwake.

Mambo yenyewe yalikuwa na pande mbili. Wenye mashamba walioipenda ZNP waliwafukuza wakulima waliokuwa wakikaa na kulima katika mashamba yao, maskwota kama walivyoitwa, kwa sababu ya kuipigia kura ASP. Wafuasi wa ASP nao walisusia maduka ya Waarabu na Wahindi, likiwemo duka la mtu ambaye hakumfukuza yeyote. Juni 1961, siku za uchaguzi, watu 68 waliuawa, na wengi wao walikuwa Waarabu wa mashamba. Ukimsikiliza mtu hadi leo, unaweza kukijua chama cha babu yake kwa kutazama ni lipi kati ya mambo haya matatu ameliruka.

Uchaguzi wa Julai 1963 ndio mtihani mzuri zaidi. ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura, kiasi cha asilimia 54, ikaambulia viti 13 kati ya 31. ZNP ilipata 12 na chama cha ZPPP 6, wakaungana, na ndio waliopokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Upande mmoja unasema serikali ile ilikuwa halali kwa sheria ya majimbo iliyokubaliwa na wote. Ni kweli. Upande wa pili unasema wengi walinyimwa nchi yao. Hilo nalo halina uongo ndani yake. Tatizo ni kwamba kila upande umeibeba kweli moja na kuitupa ya pili baharini.

Na tazama kilichofuata. Mwanzoni mwa Januari 1964, serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte, ikiwa haijatimiza mwezi mmoja tangu uhuru, iliupiga marufuku Umma Party wa Babu. Siku chache baadaye, tarehe 12 Januari, serikali hiyo ilipinduliwa, na Serikali ya Mapinduzi ikabakisha chama kimoja tu, ASP. Wazanzibari hawakupiga tena kura ya kuchagua wawakilishi wao wa ndani hadi mwaka 1980. Anayelaani marufuku ya kwanza na kuisamehe ya pili, au kinyume chake, halaani marufuku. Anamlaani mtu. Ni sawa na tarehe 12 Januari yenyewe: wako wanaoisimulia bila ya kuwataja waliouawa, na wako wanaoisimulia bila ya kuwataja maskwota wala asilimia 54. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, lakini hawakusema kwamba anayeivuta ndiye afanywe mwandishi wa historia.

Oktoba 2015

Tuliweke swali lile lile mbele ya tukio la karibu zaidi. Tarehe 25 Oktoba 2015 Wazanzibari walipiga kura. Tarehe 26, Maalim Seif, mgombea wa CUF, aliwaita waandishi wa habari akatangaza kwamba kwa hesabu za chama chake ameshinda. Tarehe 28, wakati matokeo ya majimbo mengi yamekwishatangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alionekana katika televisheni ya ZBC akisema uchaguzi wote umefutwa. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni ugomvi wa makamishna wake, kura kuzidi idadi ya walioandikishwa katika vituo vya Pemba, na chama kimoja kujitangazia ushindi.

Mkosoaji wa haki aanze na swali jepesi: sheria inasemaje? Sheria ya Zanzibar imempa kazi ya kutangaza mshindi wa urais chombo kimoja tu, nacho ni Tume. Kwa hiyo Maalim Seif alikosea alipojitangazia. Jambo hili wengi wa Mji Mkongwe hawakulisema wakati ule, na wengi hawajalisema hadi leo, kwa hofu kwamba kulisema ni kumpa Jecha sababu.

Kulisema hakumpi Jecha sababu hata chembe. Swali ni lile lile: sheria inasemaje? Katiba ya Zanzibar inataka uamuzi wa Tume uungwe mkono na makamishna walio wengi, na hapakuwa na kikao kilichoamua kufuta. Hakuna kifungu kilichompa mwenyekiti uwezo wa kuufuta uchaguzi mzima kwa tamko lake. Dawa ya mtu kujitangazia ushindi ni kumshtaki mtu huyo. Na kura zilizozidi katika kituo hufutwa katika kituo hicho. Tena siku hiyo hiyo, katika vituo vile vile na kwa wapigakura wale wale, Wazanzibari walikuwa wamempigia kura Rais wa Muungano na wabunge. Kura hizo hazikufutwa. John Magufuli alitangazwa mshindi tarehe 29 Oktoba, kura za Zanzibar zikiwa ndani ya hesabu yake. Kama vituo vilikuwa vichafu, uchafu ule ulijuaje kuchagua sanduku?

Hapa ndipo inapoonekana tofauti ya kukosoa pande zote na kuzisawazisha pande zote. Makosa yalikuwa mawili, na yote mawili yatajwe. Moja lilikuwa maneno ya mgombea mbele ya waandishi. La pili liliondoa sauti ya nchi nzima kwa siku moja. Anayeyaweka mizani ikae sawasawa, kila upande kilo moja, amewadanganya wasomaji wake kwa kutumia adabu. Na ili hadithi ikamilike, mwaka 2020 Jecha yule yule alichukua fomu ya CCM kuomba kuteuliwa kugombea urais wa Zanzibar. Hakuteuliwa. Lakini mtu aliyekuwa refa alivaa jezi hadharani, na wana-CCM wenye dhamira safi walipaswa kuwa wa kwanza kuona haya.

CUF nayo ina maswali ya kujibu kwa yaliyofuata. Ilisusia marudio ya tarehe 20 Machi 2016. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akapata asilimia 91, Baraza la Wawakilishi likabaki karibu lote la chama kimoja, na nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais ikakosa mtu kwa sababu hakuna chama kingine kilichofikisha asilimia 10 inayotakiwa na katiba. Kususia kulikuwa na hoja yake: kushiriki kungekuwa kuupa muhuri uamuzi batili. Hata hivyo viongozi walipaswa kuwaeleza wafuasi mapema kwamba miaka mitano hawatakuwa na mwakilishi wa kuuliza hata swali la bomba la maji.

Baya zaidi ni susia ya pili, ile ya vijijini. Pemba hasa, na si mara ya kwanza tangu 1995, majirani waliacha kuuziana bidhaa, kupandishana gari na hata kuzikana kwa sababu ya chama. Mama muuza mboga aliyegomewa kwa kuwa mumewe ni balozi wa CCM hakuufuta uchaguzi. Wapinzani walipozisimulia dhuluma za mwaka ule, na zilikuwa nyingi, pamoja na watu waliofunika nyuso walioitwa mazombi na waliopiga raia usiku mitaani Unguja, ukurasa wa mama huyu waliufunga.

Uzito haulingani

Kuna sentensi inayopendwa sana na watu wanaotaka waonekane hawana upande: "Wote ni walewale tu." Mara nyingi anayeisema hajachunguza chochote. Kwa kuwa lawama ikigawiwa kwa wote haimgusi yeyote, sentensi hiyo humfaa zaidi mwenye nguvu.

Zanzibar nguvu haijagawanyika sawa. Chama tawala kina serikali, na serikali ina polisi, vikosi vya Serikali ya Mapinduzi (SMZ), hazina, redio na televisheni. Ina pia sheha, ambaye ameteuliwa na hakuchaguliwa, na ambaye barua yake ndiyo inayofungua njia ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na hatimaye kadi ya kura. Chama cha upinzani kina ofisi, kipaza sauti na wafuasi wenye hasira. Vyote viwili vinaweza kudhulumu, ila kimoja kikidhulumu kinatumia mkono wa dola.

Mfano ulio wazi zaidi ni Januari 2001. CUF iliitisha maandamano ya tarehe 27 kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe. Serikali iliyapiga marufuku, watu wakatoka, polisi wakafyatua risasi Unguja na Pemba. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31. Shirika la Human Rights Watch lilitaja watu wasiopungua 35. Zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, na kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikatoa wakimbizi.

Micheweni askari polisi aliuawa na waandamanaji. Kila Januari CUF ilipowakumbuka wafu wake, askari huyu hakuwamo katika dua. Alikuwa mtoto wa mtu, na aliyemuua aliua. Mkosoaji wa haki atamtaja. Lakini akishamtaja, asimgeuze kuwa jibu la makumi ya raia waliopigwa risasi, kama walivyofanya wasemaji wa serikali wakati ule. Askari analipwa na raia ili amlinde raia huyo, na silaha yake imenunuliwa kwa kodi ya aliyepigwa nayo. Ndiyo maana kosa lake linauliziwa kwa sauti kubwa zaidi. Mwana-CCM anayeona hili ni upendeleo ajiulize tu: siku chama chake kikiwa upinzani, angetaka kipimo gani kitumike kwa polisi?

Mpinzani akishakaa kitini

Kipimo hicho kinadai kitu kigumu kwa wapinzani pia. Kama lawama inafuata madaraka, basi siku mpinzani anapopewa wizara, lawama na imfuate.

Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wakaanzisha kile kinachoitwa Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa Oktoba 2010 Dk. Shein alipata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1, na kwa mara ya kwanza tofauti ndogo kama ile haikumwaga damu. Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, CUF ikapata mawaziri. Amani iliyopatikana ilikuwa ya kweli, na wanaoibeza hawakuishi hapa mwaka 2001.

Bei yake ilikuwa kwamba Baraza la Wawakilishi lilikuwa na vyama viwili tu, na vyote viwili vilikuwa serikalini. Hakukuwa na benchi la mkabala. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama mkondo wa Nungwi. Tume ya uchunguzi iligundua kwamba ilibeba zaidi ya watu 2,000, mara kadhaa ya uwezo wake. Maiti 203 zilipatikana, na zaidi ya watu 1,300 hawakuonekana tena. Haujapita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano katika misiba yote miwili alikuwa Hamad Masoud Hamad, na alikuwa wa CUF. Rais aliyemteua alikuwa wa CCM. Abiria wengi wa Spice Islander walikuwa Wapemba, yaani wapigakura wa chama cha waziri. Hapa mazoea ya nusu ya hadithi yalikwama. Aliyezoea kuilaumu serikali aliona akiilaumu atamgusa wake, na aliyezoea kuwalaumu wapinzani aliona akiwalaumu atagusa bandari na wasajili wa meli ambao serikali ya chama chake ilikuwa nao miaka yote. Kila mmoja akakuta ni salama zaidi kusema ni kazi ya Mungu. Ni kazi ya Mungu kweli, lakini Mungu hakusaini ruhusa ya meli kuondoka.

Baada ya Skagit, Julai 2012, waziri yule alijiuzulu. Uadilifu unataka tumpe haki yake, kwa sababu visiwani watu hawana kawaida ya kujiuzulu. Unataka pia tuulize kwa nini halikutokea baada ya Spice Islander, msiba uliokuwa mkubwa mara nyingi zaidi. Swali hilo chama chake hakikuliuliza kwa sauti. Kama waziri angekuwa wa CCM, Mtendeni pasingelala.

Mwenzetu akisema

Ukitaka kujua chama kitawafanyia nini wakosoaji wa nchi kikishika dola, tazama kinawafanyia nini wakosoaji walio ndani yake. Katika hili vyama vyetu vimefanana kuliko vinavyopenda kukiri.

Januari 1984 Mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, alilazimika kujiuzulu katika kikao cha CCM Dodoma kwa sababu ya mawazo yake juu ya muundo wa Muungano. Mwaka 1988 CCM ilimfukuza Maalim Seif, aliyekuwa Waziri Kiongozi hadi mwanzoni mwa mwaka huo, pamoja na wenzake, akiwemo Hamad Rashid Mohamed. Mwaka uliofuata Maalim aliwekwa ndani, na hakutoka hadi 1991. Mwaka 2013 ilikuwa zamu ya Mansour Yussuf Himid, waziri wa zamani aliyesema wazi kwamba anataka Muungano wa serikali tatu. Mwaka 2014 Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya vifungu vya Katiba Inayopendekezwa ya Muungano, akaondolewa katika wadhifa wake. Mwaka 2015 akafukuzwa Mzee Hassan Nassor Moyo, mmoja wa watu wa Mapinduzi wenyewe, kwa kauli zake.

Orodha hiyo wapinzani wanaijua kwa moyo. Sasa waongeze mstari mmoja. Januari 2012 CUF ilimfukuza Hamad Rashid Mohamed, Mbunge wa Wawi, baada ya kutangaza nia ya kuugombea ukatibu mkuu uliokuwa mikononi mwa Maalim Seif. Ni Hamad Rashid yule yule aliyefukuzwa CCM mwaka 1988 pamoja na Maalim. Alikwenda mahakamani, akabaki na ubunge wake, na baadaye akaonekana katika chama cha ADC. Mwaka 2016 aligombea urais katika marudio ambayo CUF iliyasusia, akapata asilimia 3, akapewa uwaziri. Wengi walisema: mnaona, alikuwa wao tangu zamani. Inawezekana, lakini aliyoyafanya 2016 hayajibu swali la 2012. Chama kilichozaliwa na watu waliofukuzwa kwa kusema kilimfukuza mtu kwa kutaka kugombea.

Maalim Seif aligombea urais wa Zanzibar mara sita, kuanzia 1995 hadi 2020, mara ya mwisho akiwa ACT-Wazalendo. Ujasiri wake hauna mjadala, na mara nyingi ushindani haukuwa wa haki. Kuuliza kwa nini chama kilichodai mabadiliko Ikulu kwa miaka ishirini na zaidi hakikubadilisha mgombea wake hata mara moja si kumtukana marehemu. Ni swali ambalo wana-CUF wangelipiga kelele usiku na mchana kama lingehusu Kisiwandui.

Gazeti na ubao

Ukosoaji wa pande zote unahitaji mahali pa kusemewa, na mahali hapo pamekuwa pakipungua tangu ukoloni. Mwaka 1954 Waingereza waliwashtaki kwa uchochezi viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa sababu ya makala za gazeti lao la Al-Falaq. Nusu karne baadaye, Novemba 2003, serikali ya Zanzibar ililifungia gazeti la Dira, lililohaririwa na mwandishi mkongwe Ali Nabwa, likiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Tuseme kweli: Dira liliibana serikali zaidi kuliko lilivyoubana upinzani. Dawa ya gazeti lenye upande mmoja ni gazeti la pili, na serikali tayari ilikuwa nalo. Sheria ya mwaka 1988 ya kusajili magazeti na vitabu, iliyotungwa wakati wa chama kimoja, ndiyo iliyowalea waandishi wa enzi ya vyama vingi.

Gazeti likifungwa, maneno huhamia mtaani. Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, kahawa hunywewa chini ya bendera za upinzani. Michenzani, maskani ya CCM ya Kisonge inajulikana nchi nzima kwa ubao wake wa kuwapiga vijembe wapinzani. Baraza zote mbili zina watu werevu, zina mzaha mtamu, na zinajua habari kabla ya redio. Zina pia udhaifu mmoja: mkosoaji husikilizwa na wanaokubaliana naye tu. Kuisema CCM Jaws Corner hakuhitaji ushujaa, wala kuisema ACT pale Kisonge. Shujaa ni aliyesema Kisonge mwaka 2015 kwamba Jecha hana mamlaka haya, na aliyesema Jaws Corner mwaka 2016 kwamba kumgomea jirani maziko ni dhambi. Walikuwepo watu wa namna hiyo, majina yao hayakuandikwa popote, na wengine waliacha kwenda barazani.

Maswali matatu ya kubeba

Msomaji, si lazima uwe mwandishi ili ufanye kazi hii. Unapoisikia habari ya siasa, beba maswali matatu. La kwanza: kama jambo hili lingefanywa na chama changu, ningeliitaje? La pili: aliyelifanya ana nguvu gani, na nani anaweza kumzuia? La tatu: nani ameumia ambaye hadithi hii haimtaji? Yatumie kwa uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao Tume ilimtangaza Dk. Hussein Mwinyi mshindi na ACT-Wazalendo ikayakataa matokeo, na yatumie kwa chaguzi zijazo. Ukiona majibu yako yote yanaangukia upande mmoja kila mara, usikimbilie kusema upande wa pili ni waovu sana. Rudia swali la kwanza.

Nchi iliyogawanyika asilimia 50.2 kwa 49.8 mwaka 1995, na 50.1 kwa 49.1 mwaka 2010, haiwezi kutawaliwa kwa ukweli wa nusu ya watu. Chama tawala kisipokosolewa na wake hakitajirekebisha kwa kelele za wapinzani, kwa sababu kimejifunza kuziita uadui. Upinzani usipokosolewa na wake utaingia Ikulu siku moja na tabia zile zile ulizozipigania zitoke. Kwa hiyo kama wewe ni wa Kisiwandui, anza na Kisiwandui. Kama ulikuwa wa Mtendeni, na leo umepandisha tanga jingine, anza na huko. Makosa ya upande wa pili yana wasemaji wa kutosha.